Kuuzunguka ukingo wa Longonot: mwongozo kamili, kutoka getini hadi getini

Wengi wanaopanda Longonot kwa mara ya kwanza hujiandaa kufika ukingoni mwa kreta, yaani shimo kubwa la mdomo wa volkano. Wakifika hushangilia, hupiga picha, kisha mmoja wao husema, "Twendeni tuzunguke, si ni hapo tu?" Na ukisimama pale unaliona duara lote kwa mara moja, ng'ambo ikiwa karibu kiasi cha kudhani utafika kwa nusu saa. Macho hudanganya. Kutoka getini hadi ukingoni ni kilomita 3.1. Kuuzunguka ukingo wenyewe ni kilomita 7.2 za kupanda na kushuka bila kupumzika, halafu zinabaki zile 3.1 za kurudi. Jumla ni kilomita 13 na ushei, na sehemu kubwa zaidi ya kazi iko baada ya pale ambapo wengi huhesabu wameshamaliza.

Kwa hiyo panga safari yako kwa ajili ya mzunguko tangu nyumbani: maji, chakula, saa ya kuondoka, viatu. Mtu mwenye afya ya kawaida anayetembea mara kwa mara anaumudu vizuri. Si mlima wa kamba wala wa kulala hemani. Ni safari ya siku moja ya ugumu wa wastani, yenye vipande vichache vinavyouma kwelikweli.

Mlima unaokanyaga

Longonot ni volkano iliyomo ndani ya Bonde la Ufa, kusini mashariki mwa Ziwa Naivasha katika Kaunti ya Nakuru, yapata kilomita 90 kutoka Nairobi. Mlipuko wake wa mwisho unakadiriwa kuwa wa miaka ya 1860, jambo ambalo kijiolojia ni juzi tu. Mahali pa juu kabisa panaitwa Kilele Ngamia, karibu mita 2,780 juu ya usawa wa bahari, nalo geti liko kwenye mita 2,150 hivi. Kreta ina upana unaokaribia kilomita 2, na chini yake kuna msitu mzima wa miti, kijani kibichi, umezungukwa na kuta za mwamba pande zote. Asubuhi ya baridi utaona moshi mweupe ukitoka kwenye nyufa za kuta hizo. Si moto, ni mvuke wa ardhini.

Ninayataja haya kwa sababu ya kile kitakachokuwa chini ya viatu vyako. Mlima umejengwa kwa majivu ya volkano na vijiwe vyepesi vyenye matundu. Udongo wa namna hii haushikamani. Kiangazi hugeuka vumbi laini kama unga linaloingia kwenye soksi, puani na kwenye simu. Mvua ikinyesha, maji huuchimba na kuacha mifereji inayomfikia mtu kiunoni, pengine hata kichwani. Njia nyingi za miguu za milima mingine hukusaidia kupanda. Hii inakudai nguvu ya ziada kwa kila hatua, kwa kuwa mguu unarudi nyuma kidogo kila unapousukuma mbele.

Chagua siku

Miezi mizuri ni Januari na Februari, kisha Juni hadi Septemba. Januari na Februari anga huwa safi na jua kali. Juni na Julai kuna ubaridi na mawingu ya asubuhi, ambayo kwa mpandaji ni baraka, ingawa mandhari huchelewa kufunguka. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, ningekushauri uahirishe. Si kwa sababu ya kulowa. Mifereji niliyoitaja huwa njia za maji, ukingo huteleza, na radi ikipiga juu hakuna pa kujificha. Hata barabara yenyewe huwa hatarini: Aprili 2024 mafuriko yaliwasomba watu na nyumba Mai Mahiu, mji unaoupitia ukielekea huko. Na jirani tu, kwenye korongo la Hell's Gate, mafuriko ya ghafla yaliwaua watu 7 Septemba 2019, mwezi ambao kwa kalenda si wa masika. Ukiona wingu zito linajikusanya juu ya milima ya Mau au Nyandarua saa sita mchana, lichukulie kwa uzito hata kama ulipo kuna jua.

Kama unaweza, nenda katikati ya wiki. Jumamosi na Jumapili huja makundi makubwa ya makanisa, vyuo na vilabu vya kupanda milima, na kwenye vipande vyembamba vya ukingo unajikuta ukingoja foleni.

Malipo na vitambulisho

Hii ni hifadhi ya taifa iliyo chini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na malipo ya kuingia hayapokelewi kwa fedha taslimu. Unalipia kupitia eCitizen, mfumo wa serikali wa mtandaoni, kwa M-Pesa au kadi. Lipa ukiwa nyumbani jioni ya kuamkia safari, uhifadhi risiti kwenye simu na upige picha ya skrini, kwa sababu kusimama getini ukitafuta mtandao huku jua likipanda ni kupoteza saa nzuri kuliko zote za siku. Ada hutofautiana kati ya raia wa Afrika Mashariki, wakazi na wageni wa nje, na viwango hubadilishwa, kwa hiyo tazama bei ya siku hiyohiyo kwenye mfumo, usitegemee aliyokwambia mwenzako mwaka jana. Beba kitambulisho cha taifa au pasipoti. Bila hicho huwezi kuthibitisha kwamba unastahili bei uliyolipia.

Begi la mgongoni

Maji ndiyo yanayoamua. Mlimani hakuna mto, chemchemi wala bomba, na kivuli ni haba: vichaka vya leleshwa, mikakaya michache chini, na juu zaidi nyasi na mawe. Mimi hupiga hesabu ya nusu lita kwa saa, na mzunguko mzima utakuchukua saa 5 hadi 7. Hiyo ni lita 3 kwa kila mtu. Lita 3 ni kilo 3 mgongoni na utazilalamikia getini, lakini uzito huo ndio pekee utakaopungua kila unapokwenda. Weka pakiti moja au mbili za ORS, zile chumvi za kurudisha maji mwilini, begini. Zikichanganywa kwa kipimo cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti, humrudisha mtu aliyetokwa na jasho jingi vizuri kuliko soda yoyote.

Chupa ya kutumia mara moja iache nyumbani. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi zote za taifa Kenya, na mifuko ya plastiki ilikuwa imeshapigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017. Chupa ya chuma au ya plastiki ngumu ya kujaza tena inatosha. Chakula kiweke kwenye kontena au kitambaa.

Kuhusu chakula, kinachofaa ni kile kinacholika ukiwa umechoka na umekauka mdomo. Ndizi mbivu, viazi vitamu vya kuchemsha, mayai, chapati iliyokunjwa, njugu, machungwa. Chungwa ni chakula na kinywaji kwa pamoja, na maganda yake unarudi nayo begini. Biskuti kavu na crisps huwashinda watu wengi kumeza kule juu.

Viatu: chochote chenye soli yenye meno yaliyo wazi na kinachokushika kifundo bila kukubana vidole. Si lazima viwe buti za bei. Raba za kukimbilia zilizolika soli ndizo zinazoangusha watu. Kata kucha za miguu siku mbili kabla, kwani mteremko mrefu husukuma vidole mbele na kucha ndefu hugeuka nyeusi. Vaa soksi ndefu, uzivute juu ya suruali ikiwa ni kiangazi, vumbi lisiingie. Beba leso au kitambaa cha kufunika pua, kofia yenye ukingo mpana, mafuta ya kukinga jua, miwani, na koti jepesi la upepo. Watu hulidharau koti kwa kuwa Naivasha kuna joto. Ukifika juu umelowa jasho na upepo unavuma kutoka Mau, utalitafuta. Ongeza plasta, bandeji moja ya kufungia kifundo, dawa zako za kila siku kama unazo, filimbi, na tochi hata kama unapanga kurudi saa nane mchana. Mkongojo mmoja au miwili si ya wazee tu. Kwenye mteremko wa majivu inaokoa magoti.

Kufika getini

Ukitoka Nairobi kwa matatu, hakikisha ni ile inayopita barabara ya chini, yaani ya Mai Mahiu. Matatu nyingi za Naivasha na Nakuru hupita barabara ya juu kupitia Limuru na Kinungi, na hiyo haifiki Longonot. Muulize kondakta kabla ya kulipa: "Unapitia Mai Mahiu? Unanishukisha Longonot?" Ukishuka kwenye kituo cha Longonot, bodaboda watakupeleka hadi getini. Patana bei ya kwenda na kurudi, na uchukue namba ya mwendeshaji, kwa sababu mchana ukitoka umechoka hutataka kutembea kilomita hizo juani.

Mwenye gari lake ajipe saa moja na nusu hadi mbili kutoka Nairobi. Mteremko wa kuingia bondeni una malori mengi na vituo vya kutazamia mandhari; simama wakati wa kurudi, si wakati wa kwenda.

Geti hufunguliwa saa 12 asubuhi. Lenga uwe umeshaanza kutembea kabla ya saa 2. Kila saa unayochelewa unailipa mara mbili kwa joto.

Kutoka getini hadi ukingoni

Jiandikishe getini, uwaambie askari wa hifadhi wazi kwamba unazunguka, si kwamba unapanda tu, na utaje saa unayotarajia kurudi. Chukua namba ya simu ya geti. Kama mko chini ya watatu, au hamjawahi kufika, ulizeni kuhusu kupata mwongozaji. Ni pesa inayotumika vizuri: wanajua mahali nyati walipolala usiku na kipande gani cha ukingo kimemegeka juzi.

Mwanzo ni tambarare na rahisi, na hapa ndipo utakapoona wanyama. Pundamilia, twiga, swala, na kongoni mara mojamoja. Wote hawa wana amani ukiwaacha. Anayehitaji tahadhari ni nyati, hasa dume lililo peke yake ndani ya kichaka. Tembeeni pamoja, mkizungumza kwa sauti ya kawaida ili mnyama awasikie kabla ya kuwaona. Mkimkuta, simameni, msipige kelele wala kukimbia, mrudi nyuma polepole mkimwachia nafasi ya kuondoka. Msikae kati yake na kichaka anachokitaka.

Kisha njia inaanza kuinuka, taratibu kwanza, halafu bila huruma. Kosa linalofanywa na vijana wenye nguvu ni kupanda kipande hiki kwa mashindano. Kipimo changu ni mazungumzo: ukiweza kusema sentensi nzima bila kuhema katikati, mwendo ni sawa. Ukishindwa, punguza urefu wa hatua, usisimame. Hatua fupi, wayo mzima ukigusa chini, mwili umeinama mbele kidogo. Kusimama kila dakika tatu kunachosha zaidi ya kwenda polepole bila kukoma. Kwa anayetoka Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, pumzi itakuwa fupi kuliko alivyozoea. Mwinuko huu si wa kuleta ugonjwa mkubwa kwa walio wengi, ila kichwa kinaweza kugonga kidogo. Ukipata nafasi ya kulala Nairobi au Naivasha usiku mmoja kabla, itakusaidia.

Fuata njia iliyopo hata ikiwa imechimbika. Mtu akikwepa mfereji kwa kukanyaga nyasi za pembeni, anafungua jeraha jipya kwenye udongo usioshikamana, na mvua inayofuata inalipanua. Mifereji mingi unayoiona ilianza kwa watu kutafuta urahisi wa hatua mbili. Mlima huu unapandwa na watu wengi mno kwa kila mtu kujitengenezea njia yake.

Kunywa maji kidogokidogo kila robo saa, kiu isikutangulie. Wastani wa kufika ukingoni ni saa moja hadi saa moja na nusu.

Ukingoni: hapa unaamua

Kaa chini. Kula ndizi au kiazi, vaa koti, angalia kreta bila haraka. Ukikaa kimya unasikia ndege wa ule msitu wa chini sauti zao zikipanda, ilhali wenyewe huwaoni. Kushuka mule ndani hairuhusiwi kwa wapandaji wa kawaida, na kuta zenyewe hazishikiki, kwa hiyo usimsikilize anayejua "njia ya mkato".

Sasa jiulize maswali matatu kwa ukweli. Umetumia muda gani kufika? Ikiwa ni zaidi ya saa mbili, mzunguko utakuchukua saa nne au zaidi, na hiyo ni siku ndefu. Umebakiwa na maji kiasi gani? Ukiwa umeshamaliza zaidi ya theluthi moja, hayatakutosha. Saa ngapi sasa? Baada ya saa sita mchana nisingeanza kuzunguka. Jibu moja baya likipatikana, tembea kidogo ukingoni upande wowote, kula chakula chako ukitazama ziwa, ushuke. Wenye watoto wa chini ya miaka 10 hivi, mara nyingi hapa ndipo mahali pazuri pa kugeukia.

Kikundi kikigawanyika, wanaobaki na wanaoendelea wawe angalau wawili wawili, na wapatane saa. Usimwache mtu mmoja ukingoni "atusubiri". Na kabla ya kuondoka, piga picha ya makutano haya kutoka upande utakaorudia. Ukungu ukishuka, au akili ikichoka, ni rahisi kuyapita.

Kulia, kuelekea Kilele Ngamia

Ukiwa umeikabili kreta, unaweza kuzunguka kwa kwenda kulia au kushoto. Mimi ni mtu wa kulia. Kilele kiko upande wa magharibi, na kwa kwenda kulia unakifikia kabla ya nusu ya mzunguko, miguu ikiwa na nguvu na jua likiwa bado halijachoma. Tena ukiona mambo hayaendi, kurudi ulikotoka ni karibu. Anayekwenda kushoto hukutana na kilele mwishoni, wakati maji yameisha na joto limefika kikomo, na kugeuka nyuma hakumsaidii tena.

Njia ya ukingoni ni nyembamba. Sehemu nyingine ina upana wa hatua mbili tu, kulia kwako mteremko wa nje na kushoto kuta za kreta. Tembeeni kwa mstari mmoja. Anayetaka kupiga picha asimame kwanza, miguu yote miwili chini, ndipo atoe simu. Msirudi nyuma ili mtu aingie kwenye fremu. Mkikutana na kundi linalotoka upande wa pili, anayeshuka ampishe anayepanda, na apishe kwa upande wa nje wa mlima, si upande wa kreta. Upepo mkali ukivuma ghafla, inama au chuchumaa mpaka upite.

Njia inashuka, inapanda, inashuka tena, kila kilima kikikufanya udhani ndicho cha mwisho. Kipande cha kwenda kileleni ndicho kikali kuliko vyote. Utatumia mikono mahali pengine, na hapo mikongojo iwekwe begini. Shika mwamba, usishike kichaka. Mizizi ndani ya majivu haina nguvu. Usipande moja kwa moja chini ya mwenzako, kwani vijiwe huporomoka. Subiri apite ndipo uanze.

Juu ya Kilele Ngamia, geuka polepole. Kaskazini magharibi ni Ziwa Naivasha na mabanda ya maua yanayong'aa kandokando yake, nyuma yake Mlima Eburru. Magharibi ni Hell's Gate na mvuke wa Olkaria ukipanda kutoka visima vya umeme, na zaidi ya hapo ukuta wa Mau. Kusini ni Suswa, volkano nyingine, imejilaza bondeni. Kaskazini mashariki ni Kinangop na safu ya Nyandarua, kisha ukuta wa Kijabe mashariki ulioushuka asubuhi. Sioni mahali pengine karibu na Nairobi ambapo mtu anaweza kuona Bonde la Ufa likiwa limejieleza lenyewe namna hii: kuta mbili, na kati yake volkano zimepangana. Watoto wanaosoma jiografia wangepaswa kuletwa hapa kabla hawajaonyeshwa mchoro wa ubaoni.

Pumzikeni dakika ishirini. Kuleni chakula kikuu hapa, muwe mmekunywa nusu ya maji yenu, si zaidi.

Baada ya kilele

Watu hulegea hapa kwa kudhani wamemaliza. Zaidi ya nusu ya ukingo bado iko mbele, na ajali ndogondogo, vifundo kuteguka na mikono kuchubuka, hupendelea miguu iliyochoka.

Kushuka kutoka kileleni kuna aina mbili za udongo, na kila moja ina mwendo wake. Pale ambapo majivu ni mengi na laini, tanguliza kisigino, kikite, kunja magoti kidogo, uache mguu uzame hadi utulie ndipo uhamishe uzito. Ukijaribu kushuka kwa vidole utateleza. Pale ambapo udongo ni mgumu na juu yake kumetapakaa changarawe, kisigino ndicho kitakachokuangusha. Hapo kanyaga kwa wayo mzima, hatua fupi sana, ukitafuta jiwe lililozama au mzizi wa kuwekea mguu. Geuza mwili ubavu kidogo mteremko ukizidi. Ukihisi unaanguka, kaa chini kwa makalio. Usinyooshe mkono nyuma, maana hivyo ndivyo viwiko na vifundo vya mikono vinavyovunjika.

Upande wa kusini na mashariki ni wa mawimbi: vilima vifupi mfululizo, hakuna kikubwa, lakini havihesabiki. Ni mahali pa kutembea kwa mdundo mmoja na kuzungumza. Hakuna kivuli. Misuli ya paja au kigimbi ikianza kubana, simameni, mnyoosheni mguu mwenzenu, mpeni maji yenye ORS na kitu cha chumvi, msimlazimishe. Dalili za kuogopa ni mtu kuacha kutokwa jasho, kuchanganyikiwa, kutapika au kujikwaa bila sababu. Huyo ni wa kuwekwa kivulini, hata kivuli cha koti mlilolishika juu yake, kumwagiwa maji shingoni na kichwani, na kupigiwa simu geti mara moja. Namba za dharura za Kenya ni 999 na 112, na Msalaba Mwekundu ni 1199, ila askari wa geti ndio watakaowafikia kwanza. Simu hushika mtandao sehemu nyingi za ukingo; betri isiishie kwenye video.

Sigara, jiko la mkaa, fataki za siku ya kuzaliwa, vyote viachwe chini kabisa. Nyasi za kiangazi hapa zinawaka haraka na upepo hausubiri. Moto wa mwaka 2009 uliteketeza sehemu kubwa ya mlima huu. Na taka zote, pamoja na maganda ya mayai na karatasi ya chooni, hurudi kwenye begi. Haja ndogo malizeni chini kabla ya kupanda. Ikilazimu juu, ni upande wa nje wa mlima, mbali na njia.

Kushuka hadi getini

Ukirudi kwenye makutano, linganisha na picha uliyopiga, pumzika kidogo tena, funga kamba za viatu upya. Ibane sehemu ya kifundo, kidole gumba kipate nafasi mbele. Mtu akihisi joto la msuguano kwenye unyayo, abandike plasta sasa, kabla ya lengelenge kutokea.

Mteremko huu uliupanda asubuhi na unaujua, ila saa hizi una vumbi zaidi na watu wanaokimbia. Usikimbie nao. Achaneni hatua tano au sita kati ya mtu na mtu, ili vumbi la wa mbele lisimpofushe wa nyuma. Utatumia dakika 45 hadi saa moja na robo. Ukifika tambarare, kumbuka wanyama hurudi malishoni jioni. Kaeni pamoja tena kama asubuhi.

Getini jiandikishe kwamba umetoka. Wengi hupuuza hatua hii, na askari hubaki wakihesabu mtu ambaye tayari yuko kwenye matatu. Kung'uta viatu, badili soksi na fulana, kunywa polepole. Nyoosha paja, kigimbi na mgongo kwa dakika kumi kabla ya kukaa kwenye gari, la sivyo utashuka Nairobi ukitembea kwa shida. Mpigie yule bodaboda. Ikiwa ni Jumapili jioni, barabara ya kupanda kutoka Mai Mahiu hujaa malori na magari yanayorudi jijini kutoka Narok na Naivasha, kwa hiyo jipe saa mbili zaidi ya ulizotumia asubuhi, na hakikisha kuna chakula kilichobaki begini kwa ajili ya foleni hiyo.